Njia inapita katikati ya shamba la mtu na ng'ombe wake. Wenye watoto huku Uingereza, nyie mnapita tu?

#1 MamaWatatu
Habari zenu wanajamvi. Jumamosi tulipanda treni ya vituo vyote hapa Manchester tukashuka Hope, nia yetu twende kwa miguu hadi Castleton, kile kijiji cha mapango huko Derbyshire. Tulikuwa mimi, watoto watatu (11, 7 na 4) na mama yangu mzazi, ambaye yuko huku kwa miezi mitatu, ametokea Mlalo, Lushoto. Tangu asubuhi mama anauliza, "Tunakwenda kutembea kwa nani?" Namwambia hatwendi kwa mtu, tunatembea tu. Akanyamaza, lakini kikapu cha maandazi akakibeba, maana mtu haendi ugenini mikono mitupu.

Pale Hope tukaona kibao kimeandikwa Public Footpath, kinaelekeza ndani ya malisho. Unakanyaga mawe matatu yaliyochomoza ukutani, unavuka, umo ndani. Shamba la kwanza kondoo, sawa. La pili ng'ombe, nilihesabu kumi na saba, wengine wana ndama. Wakaacha kula, wakatutazama. Mmoja akaanza kuja, wenzake wakamfuata, si mbio, polepole kama watu wanaokuja kuuliza jambo. Mtoto wangu mdogo alishanipanda shingoni. Mama akasema, "Hili shamba lina mwenyewe, na hatukupiga hodi." Tukarudi tulikotoka, tukafuata barabara kubwa, magari yanapita ubavuni, raha yote ikaisha.

Naomba kueleweshwa: ile njia ni halali kweli kupita, au kibao ni cha wenyeji? Na kama kuna njia nzuri ya watoto na bibi yao maeneo hayo nitajieni, wiki ya mapumziko ya shule nataka turudi.

#2 Kiberenge
Nimekaa pale na chai yangu nasubiri wajuzi.

#3 FundiBomba_Sheffield
Dada hukukosea njia. Ardhi ni ya mkulima, mapito ni ya umma. Mwenye shamba hana mamlaka ya kukufukuza mradi uko kwenye njia. Na wewe huna ruhusa ya kukata kona unavyotaka, kuwasha moto au kutandika mkeka kutwa nzima juu ya majani yake. Kusimama kidogo mle maandazi, hakuna atakayekuuliza.

Angalia mshale mdogo kwenye nguzo. Wa njano ni wa waenda kwa miguu. Wa bluu ni miguu, farasi na baiskeli. Nunua ramani ya Ordnance Survey (wachoraji wa ramani za taifa) yenye jalada la rangi ya chungwa, namba OL1, Castleton imo humo. Njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Usitegemee simu, kule mtandao hushika ukijisikia.

Na geti: ukilikuta limefungwa lifunge, ukilikuta wazi liache wazi. Hapo ndipo wakulima wanapogombana na watu, si kwenye kupita.

#4 Chacha_Leeds
Mama umekimbia ng'ombe?? Sisi Tarime mtoto wa miaka sita anapeleka sitini mtoni, fimbo yenyewe ndefu kuliko yeye. Kwanza usiogope, huku dume haliruhusiwi kabisa kukaa kwenye shamba lenye njia ya watu. Ni sheria.

#5 MkamuajiCheshire
Chacha hapo umeteleza. Nina miaka tisa nakamua huku. Yanayokatazwa ni madume ya ng'ombe wa maziwa yakishapita umri wa miezi kumi: Friesian, Holstein, Jersey, Guernsey, Ayrshire na wenzao. Dume la ng'ombe wa nyama linaruhusiwa, ila liwe pamoja na majike. Sheria yenyewe ni ya 1981.

Tena dume silo la kuogopwa sana. Wa kuogopwa ni jike mwenye ndama, hasa ukiwa na mbwa. Mitamba ikikujia polepole vile ni udadisi tu, imezoea kwamba mtu akitokea getini kaleta chakula. Lakini MamaWatatu umesema walikuwa na ndama. Kurudi kwako hakukuwa woga, ulifanya la maana. Siku nyingine msikimbie, msipige kelele, msipite kati ya mama na ndama wake, zungukeni kwa mbali mkiambaa ukuta kisha mrudi kwenye njia mbele. Mwenye mbwa akikimbizwa amwachie mbwa kamba. Mbwa atawashinda ng'ombe mbio, yeye hataweza.

#6 Chacha_Leeds
Sawa mkuu nimekubali. Ila kukimbia bado ni aibu.

#7 MamaWatatu
Chacha, sikukimbia. Nilitembea haraka.

#8 MtaaWaPili
Hizo njia zilipatikana kwa jasho, wengi hamjui. Mwaka 1932 wafanyakazi wa viwandani walivamia mlima wa tajiri pale pale Castleton, wakafungwa, serikali ikaona aibu ikafungua njia zote. Kabla ya hapo hakuna maskini aliyekanyaga.

#9 MwalimuMstaafu
MtaaWaPili, umeweka mambo mawili kwenye chungu kimoja. Tukio ni kweli, tarehe 24 Aprili 1932, lakini halikuanzia Castleton. Walianzia Hayfield, upande wa pili wa mlima Kinder Scout, na kundi dogo likapandia kijiji cha Edale. Aliyewaongoza ni Benny Rothman, kijana wa Manchester wa miaka 20. Watano walifungwa, kati ya miezi miwili na sita, na kosa lililowafunga halikuwa kupita bali fujo na kupambana na walinzi, kwa kuwa kuingia tu kwenye ardhi ya mtu hakukuwa jinai.

Walichodai si hizi njia za mashambani. Walidai nyika za juu mlimani, zilizofungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege wa jamii ya kwale. Njia za chini, kama aliyopita mama, zilikuwepo karne nyingi kabla ya hapo: za kwenda kanisani, sokoni, kwenye kinu cha kusaga. Sheria ya 1949 ndiyo iliyoziamuru halmashauri za kaunti zizichore zote kwenye ramani. Peak District, yaani eneo lote hilo la milima, ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa Uingereza mwaka 1951. Na nyika zenyewe walizozipigania wale vijana zilikuja kufunguliwa kisheria kwa sheria ya 2000.

#10 MtaaWaPili
Mwalimu asante, ingawa bado nasema bila wale kufungwa hiyo 1949 isingefika.

#11 MwalimuMstaafu
Hilo sikukatalii.

#12 Mwanasesere
Mimi niliambiwa na bibi mmoja wa Edale kwamba siri ni majeneza. Edale walikuwa hawana kanisa lao, kwa hiyo maiti walibebwa kupandishwa mlima hadi Hollins Cross, kisha kuteremshwa Castleton kuzikwa. Na popote jeneza lilipopita panakuwa njia ya watu milele, mwenye shamba atake asitake.

#13 SheriaNgumu
Njia ya majeneza ya Hollins Cross ni kweli ilikuwepo. Ila hilo la "popote jeneza lilipopita" ni imani za vijijini, mahakama haijui jeneza. Mahakama inajua hivi: umma ukipita mahali miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa, inachukuliwa kwamba mwenye ardhi ameitoa iwe njia. Na ikishakuwa njia ya umma haifi kwa kutotumika. Iote nyasi miaka mia, bado ni njia.

Na mkulima ana wajibu. Akilima shamba akaifuta njia, anapewa siku 14 airudishe ionekane, upana usiopungua mita moja. Ukikuta imefunikwa na mahindi, unamshtaki kwa halmashauri.

#14 Mwanasesere
Mahindi Derbyshire?

#15 SheriaNgumu
Ya mifugo. Yapo tele nchi hii, usicheke.

#16 MtotoWaNyeri
Wueh. Kwa hivyo hawa ndio walitoka huku, penye kila shamba lina njia ya umma na kimshale, wakafika kwetu wakaweka seng'enge na kibao "Hakuna Njia. Mbwa Kali"? Guka alikuwa anazunguka shamba la settla mmoja ndio afike kwa dadake, na nyumba yake ilikuwa inaonekana kutoka mlangoni. Sasa mimi mjukuu wake napewa kimshale cha njano hapa. Sijui nicheke ama nilie.

#17 MwalimuMstaafu
Dada wa Nyeri, umegusa penyewe. Ila waliokuja kuweka seng'enge kwenu walianza kwa wenzao. Karne ya 18 na 19 Bunge lao lilipitisha sheria maelfu za kugawa malisho ya pamoja, ya wanakijiji wote, yakawa ya wenye nyumba kubwa. Nyingi ya hizo kuta za mawe nyeupe watu wanazozipiga picha zilijengwa wakati huo. Njia zilizobaki ni makombo ya karamu.

#18 Kiberenge
Chai imeisha, naongeza maji.

#19 Uvira2Sheffield
Mie niko Sheffield tangu 2007. Kwetu Uvira mutu anapita mu shamba ya mwenzake, anapiga hodi, anaenda zake. Hakuna karatasi. Hawa wazungu nadhani walikuwa vilevile, tofauti ni moja tu: wao walichora.

#20 Mgosi_Soni
Mleta uzi, mama yako wa Mlalo anashangaa nini? Kwetu Usambaa kilimani nani aliwahi kwenda sokoni bila kukatiza kwenye viazi vya watu? Njia inapita uani, unamkuta mama wa watu anachambua maharage, unamsalimia, unaulizwa habari za nyumbani, unachelewa soko.

#21 MamaWatatu
Mgosi, nimemsomea. Anasema ndiyo hiyo tofauti, kule unapita kwa mtu unayemjua na unamwona. Huku shamba lote halina mtu. "Ng'ombe wote hawa mchungaji yuko wapi? Kondoo wamenona hivi, wanalala nje, haviibwi?" Sikuwa na jibu.

#22 MkamuajiCheshire
Vinaibwa, mwambie. Tena usiku, kwa magari.

#23 FundiBomba_Sheffield
Tuache historia kidogo, dada kaomba njia na mmempa somo la sheria.

Ya kwanza ni hiyo hiyo uliyoikimbia (samahani, uliyoiacha kwa haraka). Castleton hadi Hope kando ya kijito cha Peakshole Water, kama kilomita mbili na nusu, tambarare karibu yote. Katikati inavuka reli ya kiwanda cha saruji. Simameni msikilize kwanza, ni treni za mizigo, hazina ratiba ya abiria kwamba utaijua. Anzia Castleton safari hii. Kijito kinatokea chini ya pango, maji ni baridi hata Agosti, watoto watataka kuvua viatu, waache wavue. Ng'ombe huhamishwa shamba hadi shamba, huenda siku hiyo ukakuta kondoo tu.

Ya pili ni kilele cha Mam Tor, lakini msianzie kijijini, mtoto wa miaka minne atalala mgongoni mwako kabla ya nusu. Anzieni juu, kwenye maegesho ya National Trust (shirika la kutunza ardhi na majengo ya kale) chini ya pengo la mlima liitwalo Mam Nick. Kutoka hapo ni ngazi za mawe yaliyotandikwa hadi juu. Mimi na binti yangu wa miaka mitano dakika 25, pamoja na kusimama kuhesabu kondoo. Urefu mita 517, na upepo wa pale unaweza kukuvua kofia. Ukiwa juu utaona mitaro na vituta vinazunguka kilele, ni ngome ya watu wa kale kabla ya Warumi.

Ya tatu ndiyo wanangu wanaipenda kuliko zote, nayo si njia, ni barabara iliyokufa. Chini ya Mam Tor ilipita barabara kuu. Mlima ule umekaa juu ya tabaka dhaifu la mwamba wa udongo unaomomonyoka, kila mvua kubwa unasogea, ndiyo maana wanauita mlima unaotetemeka. Walikarabati, ikavunjika, wakakarabati tena, mwaka 1979 wakakata tamaa wakaifunga moja kwa moja. Sasa hivi lami imepasuka vipande vinene kama mikate, kimoja juu kingine chini, mstari mweupe wa katikati unafika ukingoni unakatika, unauona unaendelea chini yako. Mwanangu alisimama pale akauliza, "Baba, gari la mwisho lilipita saa ngapi?"

Msipite: Winnats Pass kwa kufuata barabara, ni mlima mkali, magari mengi na hakuna pa kukanyaga. Na Cave Dale, lile bonde jembamba nyuma ya ngome ya Peveril, ni zuri ajabu ila si siku ya mvua. Mawe ya chokaa yamesuguliwa na miguu ya watu hadi yanang'aa. Mimi hapo nilikaa kitako mbele ya wazee wa kanisa.

#24 Chacha_Leeds
"Nilikaa kitako." Sema ulianguka.

#25 BintiPate
Mimi nina wa miezi kumi kwenye kigari. Hizo kuta za kuruka mnaruka na kigari vipi? Mwaka jana nilifika kwenye ile geti inayobembea ndani ya duara, mtu mmoja mmoja, kigari kikagoma, nyuma yangu wamepanga foleni watu wanane wananiambia usijali. Nilijali.

#26 Mgosi_Soni
Mbeleko. Bibi zetu hawakujenga barabara ya kigari.

#27 BintiPate
Mgosi, wewe umewahi kubeba mtoto wa kilo kumi na moja kwa kanga kilomita tano? Au unashauri tu?

#28 Mgosi_Soni
Nashauri tu.

#29 Uvira2Sheffield
BintiPate, enda Monsal Trail, karibu na Bakewell. Ilikuwa reli, ilifungwa 1968, sasa njia ya miguu na baiskeli. Karibu kilomita 14 yote, tambarare kabisa, hakuna ukuta, hakuna ng'ombe. Mahandaki ya treni waliyafungua 2011, ndani kuna taa. Batoto wanapiga kelele wasikie sauti irudi, wewe utachoka kusikia lakini kigari kitapita.

#30 BintiPate
Asante sana, Mungu akubariki. Hii nimeihifadhi.

#31 NesiWaZamu
Nipite haraka na mambo mawili kabla ya zamu. Kupe: mkirudi nyumbani wakagueni watoto nyuma ya magoti, kwenye kinena, kwapani, nyuma ya masikio. Kupe wa huku mdogo anaweza kuwa kama punje ya ufuta. Mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu juu, usimpake mafuta wala kumchoma. Wekundu ukitokea ukawa unapanuka siku au wiki baadaye, nenda kwa daktari umwambie mlikwenda shambani, kuna ugonjwa wa Lyme. Kupe wengi hawana chochote, ila mwambie.

Pili, suruali ndefu. Kuna majani ya kuwasha kando ya kila njia.

#32 MtotoWaNyeri
Hayo majani ni thabai! Sisi tunachemsha tunapondea mukimo. Huku yanaoza njiani na watu wananunua mchicha wa mfuko wa plastiki dukani.

#33 FundiBomba_Sheffield
Wenyeji watakwambia usugue jani la dock, lile pana, huota jirani yake. Wangu wanasugua na wanasema inapoa.

#34 NesiWaZamu
Inapoa kwa sababu jani lina maji na mtoto kapewa kazi ya kufanya. Lakini sugueni, halina madhara.

#35 Mwanasesere
Mnisaidie jambo. Mtaani kwangu Salford nina miaka sita, jirani wa kulia hajawahi kunisalimia. Lakini ukipanda tu milima ya kule kila mtu "morning", "hello", "lovely day", hata mwenye sura ya ukali. Kwa nini?

#36 MtaaWaPili
Kwa sababu mjini utawasalimia wangapi? Ni hesabu tu. Hata Kariakoo husalimii kila mtu.

#37 SheriaNgumu
Mimi naona ni usalama. Ukipotea, watasema tulimwona mwanamke mwenye koti jekundu saa nane anaelekea Back Tor. Salamu ni daftari la mahudhurio.

#38 MtotoWaNyeri
Ama wanaangalia kama unajua kujibu. Mimi ni Mwafrika peke yangu kwenye mlima mzima, nikiitikia "morning" vizuri naona mabega yao yanashuka.

#39 MkamuajiCheshire
Mnafikiria sana. Mtu akiwa shambani anakuwa na adabu ya shambani. Bosi wangu akienda Manchester hamsalimii mtu, akirudi anamsalimia mpaka trekta.

#40 Kiberenge
Namba 38 imenigusa. Mimi nilikwenda mara moja tu na familia, kijiji sikitaji, tukaingia mkahawa mmoja tukaambiwa meza zote zimeshawekwa. Nusu zilikuwa tupu. Tulikula chipsi ndani ya gari, mvua inanyesha, watoto wanauliza. Tangu hapo jibu langu ni bustani ya jirani na nyumbani.

#41 FundiBomba_Sheffield
Pole sana mkuu. Mlikuwa na buti za matope? Kuna mikahawa inakataa buti za matope kwa kila mtu, huwa wanabandika mlangoni.

#42 Kiberenge
Tulikuwa na matope. Karatasi mlangoni sikuiona. Sijui mkuu, na kutojua ndiko kunakouma.

#43 BintiPate
Ndiyo maana wengi wetu hatwendi. Si uvivu.

#44 Chacha_Leeds
Mimi nasema ni zamu. Jumamosi na Jumapili nani kati yetu yuko nyumbani? Wazungu wanaotembea ni wenye kazi za Jumatatu hadi Ijumaa.

#45 Mgosi_Soni
Kuna jingine. Mimi nilitembea kwenda shule kilomita saba, pekupeku, miaka saba. Nilipopata gari niliapa. Leo mke wangu ananiambia tupande treni tukatembee kwa raha. Raha ipi? Miguu ina kumbukumbu.

#46 NesiWaZamu
Mgosi, ila wanao hawana hiyo kumbukumbu. Wangu walipoona mwanakondoo ananyonya anapiga mkia walisimama robo saa, mimi nimeganda kwa baridi.

#47 MwalimuMstaafu
MamaWatatu, ukiweza nenda jioni ya tarehe 29 Mei. Castleton wana sherehe yao siku hiyo, mtu anapanda farasi akiwa amefunikwa maua kuanzia kichwani hadi kiunoni, bendi inapiga, wasichana wanacheza, wanazunguka kijiji. Wenyeji wanasema ni kumbukumbu ya kurudi kwa Mfalme Charles II mwaka 1660. Wengine wanasema ni mila ya zamani zaidi ya kukaribisha majani mapya. Mimi nimewasikiliza wote na sijapata wa kumwamini.

#48 MtaaWaPili
Mwalimu leo umekubali kutokujua kitu. Uzi huu uhifadhiwe.

#49 MamaWatatu
Wapendwa, nimerudi na mrejesho. Tulikwenda tarehe 29 kama Mwalimu alivyosema, safari hii na baba watoto.

Tuliteremka Hope tukapanda basi hadi Castleton, tukaanza njia ya kijito kurudi Hope, kisha tukageuza tena. Shamba lile la ng'ombe lilikuwa tupu, mavi tu, ya jana au juzi kwa mujibu wa mama. Kila ukuta wa kuruka mama alisimama, akasema "hodi", akangoja kidogo, ndipo akavuka. Watoto wakaanza naye. Ikawa wote sita tunapiga hodi kwa kondoo. Kwenye reli ya saruji mdogo alipiga hodi kwa treni ambayo haikuwepo. Akatutokea mzee mmoja na mbwa wake, akasimama pembeni atupishe ukutani, akasema "Morning all" na ilikuwa saa tisa alasiri. Mama akamjibu "Marahaba", akampa andazi. Mzee akalitazama, akalila palepale. Mbwa akapewa kipande.

Barabara iliyovunjika tulifika na wakubwa wawili tu, mama alibaki chini na mdogo. Huyo wa 7 alitaka kujua kwa nini hawaweki nguzo za chuma. Nikamwambia amuulize FundiBomba.

Jioni tukamwona huyo mtu wa maua. Kweli haonekani uso, ni kichuguu cha maua juu ya farasi. Mwishoni wanalivuta lile shada kwa kamba hadi juu ya mnara wa kanisa, linabaki huko linanyauka. Mama aliangalia mpaka likafika, akauliza, "Sasa bwana harusi ni yupi?"

Tulikosa treni moja. Gambuti za mdogo ziliingia maji zote mbili.

#50 FundiBomba_Sheffield
Safi sana. Nguzo haziwezi, mwambie: mlima wote unasogea, nguzo utaichomeka wapi?

#51 Chacha_Leeds
Mzungu kapewa andazi la Lushoto Derbyshire. Huyo sasa kila Jumamosi yuko pale ukutani anasubiri.

#52 Uvira2Sheffield
Hodi kwa kondoo, nimecheka mpaka dereva wa basi kageuka.

#53 Mgosi_Soni
Mama wa Mlalo tumsalimie. Muulize kama ni wa ukoo wa kule juu karibu na kanisa, au wa chini sokoni.

#54 MamaWatatu
Anasema chini, na anauliza wewe ni mtoto wa nani.

#55 Mgosi_Soni
Nakuja PM.

#56 BintiPate
Kabla hamjahamia PM, hizo gambuti zilizoingia maji zilipasuka au zilikuwa fupi? Nataka kununua za miaka minne na sitaki kurudia kosa.

#57 MamaWatatu
Hazikupasuka. Alisimama katikati ya kijito akasubiri.